Ng'ombe wa Masanja na Nyama ya Askari

Kiti cha kuegemea mlichonipa siku ya kuniaga nimekiweka barazani kwangu hapa Ngokolo, na mke wangu amekwisha kukihamia. Mimi nimerudi kwenye kigoda changu cha zamani, kalamu mkononi, nikitimiza ahadi niliyoitoa huku mnanipigia makofi: kwamba nitawaandikia jinsi kazi ya mifugo ilivyokuwa tulipoianza sisi. Vyeo sitavisimulia, maana vilikuja vimechelewa na havikunikuta mlangoni nikivisubiri. Mshahara nao ni ule ule mnaoulalamikia ninyi. Nitawaeleza habari za watu walionifunza kazi, na hasa habari za mnada mmoja wa wakati wa vita. Kila nikisikia watu wanabishana redioni juu ya vita vya mahali fulani, na nani anawapenda askari kuliko mwenzake, mimi fikra zangu hurudi Kharumwa.

Nilizaliwa Didia, katika nyumba ya ng'ombe. Nasema nyumba ya ng'ombe kwa sababu baba yangu alijenga zizi kwanza, sisi tukafuata. Nilipobalehe, vijana wenzangu walikimbilia Geita kwenye migodi ya dhahabu, wakawa wanarudi na kofia na baiskeli. Nami nikaenda. Waliniteremsha shimoni asubuhi, nikapanda mchana, nikaapa kwamba kama Mungu alitaka nikae chini ya ardhi, basi asubiri nife kwanza. Njiani kurudi nyumbani nilipita Kharumwa siku ya mnada. Nikamkuta mtu mfupi wa kaptura ya kaki anahangaika na dume lililokataa kuingia kwenye ujia mwembamba wa magogo, pale tulipokuwa tunawabania ng'ombe ili tuwapime. Nikalishika mkia, nikaukunja kidogo kama baba alivyonifundisha, likaingia lenyewe.

Yule mtu akanitazama. "Wewe kijana ni wa nani?"

"Natoka Didia, bwana."

"Nimeuliza wa nani, sijauliza wapi. Kama huna mtu, kuanzia leo wewe ni wangu. Shika kamba hiyo."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Karatasi zilifuata baadaye, kwa wakati wake, kama karatasi zote za serikali.

Mtu huyo alikuwa Bwana Salumu, mwenyeji wa Tabora, mganga wa mifugo wa eneo lile lote. Swala hazikumpita, na matusi kwa ng'ombe mkaidi pia hayakumpita. Siku yangu ya kwanza alinipa kipimajoto, akaniambia nimpime ng'ombe mmoja aliyekuwa anakohoa. Mimi nilikuwa nimeona jinsi wanavyopima watu kule misheni, kwa hiyo nikamfungua ng'ombe mdomo, nikakiweka chini ya ulimi wake kwa adabu zote. Alikitafuna. Salumu alikuja, akaokota vipande vya kioo, akavitazama kwa muda mrefu.

"Mihayo," akasema, "umempa ng'ombe wa watu kifungua kinywa. Ng'ombe hupimwa upande wa pili."

Mnacheka, lakini nawajua baadhi yenu, na nimeyaona mliyoyafanya na vipimajoto. Kuanzia siku ile Salumu alinifundisha kila kitu kwa mikono yake: kuchanja sotoka, ule ugonjwa unaomaliza mazizi, kukata alama ya sikio bila kulipasua, kusikiliza mapafu kwa kuweka sikio ubavuni, kuijua chapa iliyoiva kwa rangi ya chuma. Chapa ikiwa nyekundu sana inaunguza ngozi mpaka nyama. Ikiwa baridi inamtesa mnyama bure na alama haishiki. Subiri mpaka iwe na rangi ya jivu, alisema, kisha gusa na uondoe. Hadi leo sijaona kitabu kilicholieleza jambo hilo vizuri kumshinda, na namshukuru.

Vita vilipopamba moto, kazi yetu ilibadilika. Vijana wengi wa kwetu waliingia keya, yaani jeshi la Mwingereza, wakapelekwa mbali, hata tukaanza kusikia jina la Burma likitajwa kwenye vilabu vya pombe kama vile ni kijiji cha jirani. Askari wanakula, kwa hiyo serikali ikataka ng'ombe. Kila kijiji kilipangiwa idadi yake ya kuleta mnadani. Mnunuzi wa serikali, Mzungu, alikaa chini ya turubai na karani wake, na bei aliyotaja ndiyo ilikuwa bei. Kazi ya Salumu na mimi ilikuwa kuwapima ng'ombe, kuwakubali wazima na kuwapiga chapa. Wenye ng'ombe walinung'unika. Wengine walisema ugomvi ni wa Wazungu, basi Wazungu wakale ng'ombe wao. Wengine walikuwa na watoto wao huko na hawakutaka kusikia maneno ya namna hiyo.

Katika hao wa pili, mwenye sauti kubwa kuliko wote alikuwa Ngassa. Ngassa alikuwa mwanangwa, yaani kiongozi wa kijiji chini ya mtemi, mtu mrefu mwenye kikohozi cha heshima ambacho alikitoa kabla ya kusema. Kijana wake aliyekuwa keya alikuwa Masanja, mtoto wa marehemu kaka yake. Kwa hesabu ya kwetu mtoto wa kaka yako ni mwanao, na Ngassa alimwita mwanangu bila kuongeza neno.

Kila mnada ulipokwisha, Ngassa na Salumu walikaa kwenye gogo moja wakila mihogo ya kuchemsha na kugombana. Nadhani walipendana. Lakini ugomvi wao haukuwa wa mchezo, kwa sababu Salumu naye alikuwa na vita vyake. Vile vya kwanza, vya Mjerumani, alivibeba kichwani, na sisemi kwa mafumbo: alikuwa mpagazi wa jeshi, akabeba masanduku ya risasi mpaka nywele za utosini zikaisha. Walilishwa unga uliooza na nyama ya ng'ombe waliokufa wenyewe njiani. Mdogo wake alikufa kwa tumbo hilo hilo, wakamzika kando ya njia na kuendelea na safari.

"Vita hivi ni vyetu," Ngassa alisema. "Mwanangu yumo."

"Mwanao yumo, sikatai. Lakini ugomvi ni wa nani? Walikuja kukuuliza?"

"Unaona sasa! Anayesema vita havifai anamwambia Masanja kwamba atakufa bure."

"Mimi nasema vita havifai," Salumu alijibu, akimenya muhogo, "na nasema Masanja ale nyama nzuri. Hayo mawili yanakaa tumboni mwangu na hayagombani. Wewe ndiye unayetaka yagombane."

"Huwezi kumwunga mkono askari na kuvitukana vita vyake."

"Mbona mimi mwenyewe niko hapa napima nyama yake?"

Mimi nilikula mihogo kimya. Nilikuwa kijana, na wote wawili waliponitazama ili niamue, mdomo wangu ulikuwa umejaa kila mara.

Sasa nieleze jambo moja kwa wale mliotoka pwani na milimani. Kwetu mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote katika zizi moja. Huwagawa kwa ndugu na marafiki, tunasema kubilisa. Anayewatunza hunywa maziwa na kutumia samadi, lakini hawauzi wala hawachinji, maana si wake. Ng'ombe wa amana akifa, mtunzaji humpelekea mwenyewe ngozi, ili ijulikane kwamba kweli amekufa na hakuuzwa. Masanja kabla ya kuondoka aliwaacha ng'ombe wake wachache katika zizi la Ngassa. Sotoka ikaja, ikawachukua. Kila alipokufa mmoja, Ngassa alimpelekea ngozi mama yake Masanja. Mwishowe akabaki ng'ombe mmoja tu, mwenye mabaka meusi na meupe, na maziwa yake Ngassa hakuyagusa. Aliwaachia Mama Masanja na mjukuu wake mdogo, binti wa Masanja, ambaye mama yake alifariki akimzaa. Masanja akirudi, ng'ombe huyo ndiye angemwanzishia maisha. Hakuwa na kingine.

Siku ya mnada ninaousema, kijiji cha Ngassa kilileta ng'ombe wake, na Salumu akaanza kazi. Huyu anachechemea, arudi. Huyu anakohoa, arudi. Huyu ana tezi zimevimba shingoni, arudi. Ngassa akasimama.

"Salumu, unanivunjia heshima mbele ya serikali! Unawakataa kwa sababu huvipendi vita."

"Nawakataa kwa sababu niliwahi kuwala hawa."

Karani akahesabu. Kijiji cha Ngassa kikawa kimepungukiwa na ng'ombe mmoja, na mnunuzi akasema kupitia kwa karani kwamba hataondoka bila huyo mmoja. Ngassa akakohoa kikohozi chake, akawaita vijana wawili na kuwanong'oneza. Walipoondoka wakikimbia, sikujua wametumwa wapi.

Walirudi wakimswaga ng'ombe wa mabaka. Nyuma yake alikuja Mama Masanja, hajafunga kitambaa vizuri, ameshika kibuyu chenye maziwa nusu. Walimkuta anakamua. Alikuwa mama mwembamba, mpole, ambaye nilikuwa sijawahi kumsikia akipaza sauti, na hata siku ile hakuipaza.

"Mwangaluka, shemeji," akamwamkia Ngassa kwanza.

"Mwangaluka, mayu," Ngassa akamwitikia, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Ng'ombe wa mwanangu waliokufia kwako, uliniletea nini?"

"Ngozi."

"Zote?"

"Zote. Hata yule aliyeliwa na fisi nilikuletea kichwa na kwato. Kila mtu anajua."

"Wabeja sana," akamshukuru. "Na huyu je? Nikikudai ngozi yake utaitoa wapi?"

Watu walikuwa wameanza kutuzunguka. Ngassa akasema kwa upole, na ninaamini alisema alichokiamini: "Mayu, huyu anakwenda kumlisha Masanja mwenyewe. Askari gani atakataa ng'ombe wake awalishe askari? Hii ndiyo heshima yake."

"Masanja hakuniomba nyama. Aliniomba akirudi amkute ng'ombe." Kisha akaligeukia lile turubai. "Nanyi mliomwazima Masanja mwenyewe, akiwafia huko, mtaniletea nini?"

Pale mnadani wenye ng'ombe wote walinyamaza, na ninyi mnajua wenye ng'ombe hawanyamazi ovyo. Mnunuzi akamwuliza karani mama yule anasema nini. Karani, maskini, alikuwa mgeni wa mambo ya kwetu. Akamjibu kwamba anauliza habari za ngozi. Mnunuzi akasema aambiwe ngozi ni mali ya kiwanda. Karani akafungua mdomo, akatutazama sisi tuliokijua Kizungu cha kuokoteza, akaufunga. Hakuna aliyemtafsiria Mama Masanja jibu lile.

Nilimtazama Salumu. Chapa ilikuwa motoni. Aliichomoa, akaitazama, akairudisha. Nilijua kinachomsumbua: yeye ndiye aliyewakataa wale wagonjwa, kwa kumpenda askari, na kwa kuwakataa ameuita mlangoni msiba wa askari mmoja. Angeweza kusema ng'ombe wa mabaka ana homa. Nami ningeapa nimeiona homa hiyo kwenye kipimajoto, upande wa pili.

"Ng'ombe huyu ni mzima," akasema. "Siwezi kumzushia ugonjwa, maana kesho hamtaniamini nikikataa wagonjwa wa kweli. Amri ya kuchagua ni ya mwanangwa. Lakini mwanangwa, nisaidie jambo moja tu. Sema mbele ya watu hawa, 'Ng'ombe huyu ni wangu.' Ukisema, napiga chapa sasa hivi."

Ngassa akakohoa. Akafungua mdomo. Nilimwona akitazama ng'ombe, akamtazama shemeji yake na kile kibuyu, akatazama watu ambao nusu yao walikuwa na ng'ombe wa amana katika mazizi yao, na nusu nyingine walikuwa na ng'ombe wao katika mazizi ya wengine. Maneno ni mepesi, hata mtoto anaweza kuyasema. Hakuweza. Akageuka, akaondoka kwa miguu yake mwenyewe, mwendo wa haraka, bila fimbo.

Wengine walidhani amekimbia aibu. Jua lilikuwa limepanda sana aliporudi, akiongoza kwa kamba maksai wake mkubwa mwekundu. Maksai huyo alikuwa maarufu. Kwa sababu ya tumbo lake na mwendo wake wa kutojali, watu walimwita Bwana Shauri, jina walilokuwa wanawaita mabwana wakubwa wa wilaya. Ngassa alimpenda kuliko wake zake, na wake zake ndio waliokuwa wanalisema hilo. Alikuwa akimkwangua kupe kwa mkono wake kila jioni. Masanja alimchunga tangu akiwa ndama.

"Huyu ni wangu," Ngassa akasema. "Piga."

Salumu akavua kofia, akaiweka chini. Akaichomoa chapa, akasubiri mpaka ikawa rangi ya jivu, akagusa na kuondoa. Sijawahi kuona chapa iliyopigwa kwa upole namna ile. Mama Masanja akampa Ngassa kibuyu, naye akanywa mbele ya watu mpaka povu likamkaa kwenye ndevu. Halafu yule mama akamrudisha ng'ombe wake nyumbani.

Kulipeleka kundi mpaka stesheni ya Shinyanga ni safari ya siku kadhaa za vumbi, na wanangwa hawaendi safari hizo. Ngassa alikwenda. Alitembea nyuma karibu na Bwana Shauri njia nzima, na Salumu akatembea karibu na Ngassa, na kwa mara ya kwanza tangu niwajue hawakubishana. Stesheni, ng'ombe walipokwisha kupakiwa behewani, Ngassa akauliza: "Atafika Burma?"

"Atafika akiwa kwenye makopo," Salumu akamjibu. Hakuwa mtu wa kuficha.

Ngassa akafikiri. "Waandike jina lake kwenye kopo. Masanja atamjua."

"Nitawaambia," Salumu akasema. Ile ndiyo mara pekee niliyomsikia akitoa ahadi ambayo hakuwa na njia ya kuitimiza. Tuliporudi, alinieleza kitu ambacho nimekaa nacho maisha yangu yote ya kazi. "Mihayo, mimi nilidhani yule anapenda vita. Anampenda Masanja. Basi tu, hana neno lingine la kulisemea jambo hilo." Na Ngassa, kwa upande wake, tangu siku hiyo yeyote aliyesema kwamba Salumu anawahujumu askari alikutana na kile kikohozi, na baada ya kikohozi maneno makali. Juu ya vita vyenyewe hawakukubaliana hata siku moja. Mihogo waliendelea kula.

Vita vikaisha. Vijana wakaanza kurudi, mmoja mmoja, wengine na redio midomoni kwa mambo waliyoyaona, wengine kimya. Masanja hakurudi. Kila mnada Mama Masanja alipita tulipokuwa, akatusalimu, akatuuliza hali ya ng'ombe. Hakuuliza lingine.

Tulikuwa tunachanja pale Kharumwa, foleni ya ng'ombe mpaka mtoni, lori la mgodini lilipomshusha mtu aliyevaa kabuti la jeshi katika jua lile la Usukuma. Salumu alinyanyua macho, akasema, "Huyo ama ni mgonjwa ama ni askari." Mtu yule akaja moja kwa moja kwenye ujia wa magogo, akaweka mkono kwenye mgongo wa ng'ombe wa mabaka, ambaye zamu yake ilikuwa imefika. Ng'ombe akamnusa kabuti. Mimi nilikuwa na sindano mkononi na sikuweza kuchanja, machozi yalikuwa yamenijaa, na sioni haya kuliandika hilo.

Tulifunga kazi, tukampeleka kwao, tukampitia Ngassa njiani. Masanja akasimuliwa yote tukiwa tunatembea. Ngassa hakuweza kuvumilia: "Bwana Shauri ulimla?"

"Baba, nyama ya kopo nilikula kila siku mpaka nikaichukia." Akatazama uso wa mzee. "Lakini kulikuwa na kopo moja, hilo lilikuwa na ladha ya nyumbani."

Ngassa akatikisa kichwa kwa kuridhika. Salumu akamwuliza, nusu kwa utani, kama kule walikuwa wanajua nani anavipenda vita na nani havipendi.

"Hatukujua, mzee wangu. Tulijua chakula kimekuja au hakikuja. Na kila mtu alikuwa akijiuliza nyumbani kwao wamebakiza nini."

Tulimkuta Mama Masanja uani anapepeta mtama. Masanja akasimama mbele yake, akavua lile kabuti, akalitandaza chini miguuni pake.

"Mayu, nimeambiwa uliuliza ngozi yangu. Nimeileta."

Mama akaweka ungo chini. Akaliokota kabuti, akalikung'uta vumbi, akalikunja vizuri, akamwekea Ngassa mikononi.

"Chukua hili, shemeji, utajifunika asubuhi za baridi. Ngozi huletwa ng'ombe akifa. Wangu amerudi na miguu yake."

Kisha akachukua kibuyu, akaenda kumkamua ng'ombe wa mabaka ili mwanawe anywe. Sisi wanaume tukabaki pale uani, na Bwana Salumu, aliyekuwa na jibu la kila kitu, alikuwa anatafuta leso.